Ardhi ni Yako, Mafuta ni ya Nani? Somo la Mapatano kwa Mwenye Shamba

Katika ukurasa huu tunaziacha ngeli na vitendawili kidogo, tuingie katika somo la maisha. Somo lenyewe lahusu mapatano: mtu mwenye shamba atazungumza vipi na kampuni inayotaka kuchimba mafuta, madini au mawe ndani ya shamba hilo? Aulize nini? Akatae nini? Atie saini lini?

Huenda ukacheka na kusema, "Sisi watoto wa Kaloleni, Jericho, Umoja na Dandora tuna visima gani vya mafuta?" Kweli hatuna. Wengi wetu tunakaa nyumba za kupanga. Lakini tazama kituo cha mabasi cha Machakos kila Desemba. Kinafurika watu na mizigo kwa sababu moja tu: kila mtu ana kwao. Mmoja kwao ni Kwale, kwenye mchanga wa titani. Mwingine kwao ni Kitui, kwenye makaa ya mawe. Mwingine Kakamega, kwenye dhahabu. Mwingine Turkana, kwenye mafuta. Siku ajenti wa kampuni atakapobisha hodi kule nyumbani, simu itapigwa huku Eastlands, kwa mtoto aliyesoma. Ataambiwa, "Wewe ndiye umesoma, hebu tuambie, tutie saini ama tusitie?" Somo hili ni la kujitayarisha kwa siku hiyo.

Tena si lazima twende mbali. Pande za Njiru na Mihang'o kuna machimbo ya mawe ya kujengea. Kiswahili sanifu huyaita machimbo hayo timbo, lakini mitaani tunasema kwari. Ndiyo asili ya jina Kware kule Mukuru kwa Njenga, wala si yule ndege anayefanana na kuku! Kwa hiyo biashara ya kukodisha ardhi ili ichimbwe iko mlangoni petu.

SEHEMU YA KWANZA: NCHI MBILI, SHERIA MBILI

Tuanze na Marekani, kwa maana huko ndiko mapatano ya aina hii yamekomaa zaidi. Kisima cha kwanza cha biashara ya mafuta kilichimbwa huko Titusville, jimbo la Pennsylvania, mwaka 1859. Tangu hapo mkulima wa Marekani amezoea jambo moja ambalo Mkenya hulishangaa: mwenye shamba anaweza kuwa pia mwenye mafuta yaliyo chini ya shamba lile. Yakipatikana, ni yake, kama vile mahindi yaliyo juu ni yake.

Kwa kuwa hana mitambo ya kuchimba, mkulima huyo huikodishia kampuni haki yake. Katika mkataba huo kuna mambo makuu matatu. La kwanza ni malipo ya mkupuo, yaani bonasi, ambayo hulipwa kwa kila eka siku ya kutia saini. La pili ni mrabaha, yaani fungu la mapato linalokwenda kwa mwenye mali kila mafuta yanapouzwa. Zamani fungu la kawaida lilikuwa sehemu moja kwa nane. Siku hizi wenye ujuzi wa kubishana hupata sehemu moja kwa tano, hata moja kwa nne. La tatu ni muda. Kampuni hupewa miaka michache, aghalabu mitatu hadi mitano, iwe imechimba. Ikilala bila kazi, haki hurudi kwa mwenyewe naye aweza kuikodisha upya.

Hata huko, lakini, mambo si asali tupu. Sheria yao huruhusu ardhi ya juu kuuzwa peke yake na mali ya chini kuuzwa peke yake. Kwa hivyo kuna wakulima wengi Marekani wanaolima juu ilhali mafuta ya chini ni ya mtu mwingine kabisa. Huyo naye hana mrabaha. Anachoweza kudai ni hasara ya mimea yake na uharibifu wa uwanja wake. Kumbuka mfano huu, maana unafanana na wetu.

Sasa turudi Kenya. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inayataja madini yote na mafuta kuwa ni ardhi ya umma, na kuyaweka mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inarudia neno hilo hilo: madini ni mali ya Jamhuri. Kwa maneno mengine, hati ya kumiliki shamba hukupa udongo wa kulima, nyumba, miti na malisho. Haikupi dhahabu. Haikupi mafuta. Ukichimba choo ukakuta mafuta, si yako.

SEHEMU YA PILI: MAMBO HAYA YALITOKA WAPI?

Wengine hudhani kanuni hii ililetwa jana na juzi. La hasha! Ina mizizi katika ukoloni. Mfano mzuri ni Kakamega. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyosema kwamba ardhi za Waafrika zilizotengwa zitabaki zao milele, na kwamba kipande kikichukuliwa kwa haja ya umma, lazima wapewe kipande kingine cha ukubwa sawa. Haukupita muda dhahabu ikaonekana Kakamega, na wachimbaji wa Kizungu wakamiminika. Mwaka 1932 sheria ile ikabadilishwa haraka haraka. Sasa ardhi yenye madini iliweza kuchukuliwa bila kutafuta nyingine ya kufidia, na wenyewe kupewa pesa tu. Ile "milele" ilidumu miaka miwili.

Mwaka 1940 ikaja Sheria ya Madini ya kikoloni, na hiyo ndiyo iliyotumika, pamoja na marekebisho, hadi ilipofutwa mwaka 2016. Funzo la hapa ni hili: ahadi kubwa bila nguvu ya wenyewe kuisimamia ni maneno matupu. Ahadi ni deni, lakini deni lisilo na mdai halilipwi.

Hata hivyo tusiwe na macho ya upande mmoja. Kuna hoja nzuri ya kuyaweka madini mikononi mwa taifa. Kama mafuta ya Lokichar yangekuwa ya mwenye kipande kilichotobolewa tu, jirani yake asingepata kitu, na mtoto wa Makadara asingepata hata dawati. Mali ya wote huweza kuwafaa wote. Taabu huja pale mali inapokuwa ya wote kwa jina, ilhali hasara ni ya wachache kwa vitendo: wale waliohamishwa, waliokosa malisho, na waliomeza vumbi.

SEHEMU YA TATU: HESABU YA MAFUNGU

Toa kalamu na karatasi. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti, na asilimia 10 kwa jamii ya mahali pa uchimbaji. Watu husikia "asilimia kumi" wakapiga makofi. Ngoja kwanza. Asilimia kumi ya nini?

Tuseme, kwa mfano, madini yameuzwa kwa shilingi 1,000,000, na kiwango cha mrabaha ni asilimia 5. Mrabaha wote ni shilingi 50,000. Serikali ya kitaifa itachukua 35,000, kaunti 10,000, na jamii 5,000. Kama kijiji kina nyumba 500, fungu la kila nyumba ni shilingi 10. Sasa mlinganishe na yule mkulima wa Marekani mwenye sehemu moja kwa nane. Kwa mauzo yale yale angepata shilingi 125,000 peke yake.

Kwa upande wa mafuta, Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 imeweka mafungu ya asilimia 75 kwa taifa, 20 kwa kaunti, na 5 kwa jamii. Tena hizo hazihesabiwi kutoka mafuta yote yanayouzwa, bali kutoka fungu la faida la serikali, baada ya kampuni kutoa gharama zake na faida yake.

Ile asilimia 5 yenyewe haikuanguka kutoka mbinguni. Mswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2016 ulisema jamii ipate asilimia 10. Rais Uhuru Kenyatta akaurudisha, akitaka 5. Viongozi wa Turkana wakapinga. Mwezi wa Mei 2018 wakaafikiana na serikali: kaunti 20, jamii 5. Hayo nayo yalikuwa mapatano, ila yalifanyika Nairobi, na mchungaji wa mbuzi wa Lokichar aliyasikia redioni.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kanuni za mwaka 2017 chini ya Sheria ya Madini zinaitaka kampuni yenye leseni ya uchimbaji mkubwa ifunge mkataba wa maendeleo na jamii, na itumie angalau asilimia 1 ya mauzo yake kwa maendeleo hayo. Asilimia moja yaonekana ndogo, sivyo? Irudishe kwenye mfano wetu. Asilimia 1 ya shilingi 1,000,000 ni 10,000, yaani mara mbili ya lile fungu la jamii la 5,000. Kwa hivyo usidanganywe na ukubwa wa asilimia. Swali la kwanza siku zote liwe: asilimia ya nini?

SEHEMU YA NNE: BASI MWENYE SHAMBA ANA NINI?

Baada ya hesabu hiyo mtu aweza kukata tamaa. "Kama madini si yangu, nitapatana juu ya nini?" Usikate tamaa, ndugu. Una vitu vinne mkononi.

Kwanza, una idhini. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Madini chasema haki ya kutafuta au kuchimba madini haitatolewa juu ya ardhi ya mtu binafsi bila idhini ya mwenye ardhi aliyesajiliwa. Sheria yasema pia kwamba idhini isizuiliwe bila sababu ya maana, na serikali ina uwezo wa kuichukua ardhi kwa lazima kwa manufaa ya umma, ikilipa fidia ya haki. Kwa hiyo "hapana" yako si ukuta, ni mlango wenye kufuli. Lakini mwenye ufunguo ni wewe, na anayetaka kuingia lazima azungumze nawe.

Pili, una fidia. Kampuni yatakiwa kulipa kwa kukunyima matumizi ya ardhi, kwa kuharibu mimea, miti, majengo na maji, na kwa mapato unayopoteza. Usipoorodhesha mwembe wako, hakuna atakayeuhesabu.

Tatu, una jamii. Pale ardhi ni ya jamii, kama sehemu kubwa ya Turkana, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 yataka mkataba wa uwekezaji ukubaliwe na thuluthi mbili ya wanachama wazima katika mkutano wao. Wazee watatu waliopelekwa hotelini hawatoshi. Jambo la muhimu hapa ni usajili. Ardhi ya jamii isiposajiliwa, kaunti ndiyo huishikilia kwa niaba ya wenyewe, na pesa za fidia hukaa kwenye akaunti hadi wenyewe wajulikane rasmi.

Nne, una wakati. Kampuni imekopa pesa, mashine zake zimeegeshwa, na kila siku ni hasara kwake. Wewe shamba lako halina haraka. Haraka haraka haina baraka, na katika mapatano mwenye haraka ndiye hulipa zaidi.

SEHEMU YA TANO: MIFANO YA NYUMBANI

Turkana. Mwezi wa Machi 2012 ilitangazwa kwamba kampuni ya Tullow imepata mafuta katika kisima cha Ngamia 1, bonde la Lokichar. (Wapenzi wa lugha mtafurahi kujua visima vilipewa majina ya wanyama: Ngamia, Twiga, na vingine kwa Kiturkana.) Shangwe zilikuwa kubwa. Lakini Oktoba 2013 wenyeji waliandamana wakidai kazi na zabuni, na kampuni ikasimamisha shughuli kwa muda. Katikati ya mwaka 2018, malori ya mafuta yalipoanza kwenda Mombasa, watu waliyazuia barabarani wakilalamikia usalama na manufaa. Meli ya kwanza yenye mafuta hayo iling'oa nanga Mombasa Agosti 2019. Mwaka 2025 Tullow ilikubali kuiuzia mali yake ya Turkana kampuni ya Gulf Energy. Tazama basi: mambo ya kazi, maji, usalama na zabuni, ambayo yangeweza kuandikwa tangu mwanzo, yaligeuka kuwa ya kudaiwa barabarani. Tena mwenye kampuni amebadilika. Ahadi ya mdomo haihami na mwenye kampuni mpya. Iliyoandikwa ndiyo huhama.

Kwale. Habari za mchanga wa titani zilianza miaka ya 1990 na kampuni ya Tiomin kutoka Kanada. Mabishano ya fidia na mazingira yakachukua miaka. Base Titanium iliununua mradi huo mwaka 2010, shehena ya kwanza ikasafirishwa mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Yaani mgodi wenyewe ulifanya kazi kama miaka kumi hivi, muda wa mtoto kutoka chekechea hadi kidato. Madini huisha. Mahindi hupandwa tena.

Kitui. Mwaka 2013 mkataba wa makaa ya mawe ya bonde la Mui ulitiwa saini na kampuni ya Fenxi kutoka China. Zaidi ya miaka kumi imepita na mgodi haujafunguliwa. Mtu anayeishi katika hali hiyo hajui ajenge ama asijenge, apande miti ama aache. Hapa ndipo tunaona maana ya ile kanuni ya Marekani: ukilala bila kazi, haki irudi kwa mwenyewe.

Dandora. Huu ni mfano wetu wenyewe. Dampo la Dandora lilianzishwa miaka ya 1970 ndani ya timbo lililoachwa. Mwaka 2001 lilikwisha kutangazwa kuwa limejaa, lakini magari ya takataka yakaendelea kumwaga. Shimo ambalo halikupewa mwenyewe wa kulifukia lilipata wenyewe wa kulijaza uchafu, na moshi wake huingia madarasani mpaka leo.

SEHEMU YA SITA: MAMBO MANANE YA KUANDIKA KABLA YA SAINI

1. Ni nani? Andika jina la kampuni yenyewe, si la ajenti. Uliza leseni yake. Andika pia kwamba ikiuza kazi kwa kampuni nyingine, mpya itafungwa na masharti yale yale.

2. Kipande gani? Mwite mpima ardhi. "Upande ule wa mto" si mpaka. Andika eka ngapi, na barabara ya malori ipite wapi.

3. Kitu gani? Aliyekuja kwa mawe asichukue na mchanga na maji. Kila kitu kitajwe kwa jina.

4. Muda gani? Miaka mingapi ya kutafuta, mingapi ya kuchimba, na kazi ikilala miezi mingapi mkataba ufe.

5. Malipo gani? Ya mkupuo, ya kila mwaka, au kwa kila lori? Kama ni kwa lori, nani anahesabu? Weka daftari lako getini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wamarekani wengi waliumizwa na gharama za kusafisha na kusafirisha zilizokatwa kwenye mrabaha wao. Kwa hiyo andika malipo yahesabiwe kabla ya makato ama baada ya makato.

6. Nyumba, kisima na makaburi. Mashine zikae umbali gani? Baruti zilipuliwe saa ngapi? Ukuta ukipasuka nani analipa? Piga picha kabla kazi haijaanza.

7. Shimo. Nani atalifukia, lini, na kwa pesa zipi? Dai sehemu ya pesa iwekwe benki mapema kwa kazi hiyo. Mchimbaji akishaondoka, humpati hata kwa tochi.

8. Ugomvi. Mkikosana mtaenda kwa nani? Kuna wazee, kuna mpatanishi, na kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Zaidi ya hayo, mkataba wa ardhi lazima uwe wa maandishi, na saini zishuhudiwe. Ukikodisha shamba la kilimo, kumbuka Bodi ya Kusimamia Ardhi: idhini yake huombwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano, na bila idhini hiyo makubaliano ni bure. Halmashauri ya mazingira, NEMA, nayo hudai tathmini ya athari. Omba nakala yake usomewe kwa lugha unayoielewa. Na tafuta wakili wako mwenyewe. Wakili aliyelipwa na kampuni ni wa kampuni, hata akikununulia chai.

SEHEMU YA SABA: MAZUNGUMZO

Wanachama waweza kuigiza mazungumzo haya darasani. Bei zilizomo ni za mfano tu.

AJENTI: Hodi hapa! Habari ya asubuhi, mama?

MAMA: Nzuri, mwanangu. Karibu kiti.

AJENTI: Asante. Mama, nimekuletea baraka. Hilo shamba lako la mawe halizai kitu. Tunakupa laki tatu taslimu, eka mbili, miaka kumi. Weka saini hapa tu.

MAMA: Laki tatu si haba. Lakini hebu nieleze, malori mangapi yatatoka hapa kwa siku?

AJENTI: Aa, mama, inategemea. Kumi hivi.

MAMA: Na mkinilipa mia tatu kwa kila lori?

AJENTI: Hiyo ni ngumu, mama. Sisi hulipa mara moja tumalizane.

MAMA: Ngoja nipige hesabu. Lori kumi mara mia tatu ni elfu tatu kwa siku. Siku ishirini na tano kwa mwezi ni elfu sabini na tano. Kwa miezi minne nimefikisha ile laki tatu yako. Hiyo miaka tisa na miezi minane iliyobaki nachimbiwa bure?

AJENTI: (Akicheka) Mama, wewe ulikuwa mwalimu nini?

MAMA: Sikuwa mwalimu, nilikuwa nauza sukuma wiki Gikomba. Na shimo litafukiwa na nani?

AJENTI: Hayo tutaongea baadaye, usiwe na wasiwasi.

MAMA: Baadaye nitakuwa naongea na shimo. Mwanangu, niachie hiyo karatasi. Watoto wangu wako Umoja, wataisoma, na tutaipeleka kwa wakili. Rudi baada ya wiki mbili.

AJENTI: Mama, wengine wanangoja hii nafasi. Jirani yako ameshakubali.

MAMA: Basi anza kwa jirani. Mawe yangu hayana miguu, utayakuta papa hapa.

Umeona, msomaji? Mama hakutukana wala hakukataa. Aliuliza, akahesabu, akajipa muda. Tena lile neno la "jirani yako ameshakubali" ndilo mtego wa zamani kuliko yote. Dawa yake ni moja: nenda kwa jirani ukamwulize. Majirani wakikaa pamoja na kupatana kama kundi, kampuni haiwezi kumtumia mmoja kumshusha bei mwingine. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

MSAMIATI

Mrabaha: fungu la mapato analolipwa mwenye mali kila mali yake inapochimbwa na kuuzwa.
Fidia: malipo ya kurudisha hasara aliyopata mtu.
Idhini: ruhusa rasmi.
Malipo ya mkupuo: pesa zinazolipwa mara moja zote.
Timbo: mahali pachimbwapo mawe, kwari.
Mthamini: mtaalamu wa kukadiria thamani ya mali.
Makato: pesa zinazoondolewa kwenye malipo kabla hujapokea.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya mwenye shamba wa Marekani na wa Kenya kuhusu mali iliyo chini ya ardhi.
2. Madini yameuzwa kwa shilingi 4,000,000 na mrabaha ni asilimia 5. Jamii itapata ngapi? Kama leseni ni ya uchimbaji mkubwa, mkataba wa maendeleo utaiongezea angalau ngapi?
3. "Hapana yako si ukuta, ni mlango wenye kufuli." Fafanua ukitumia Sheria ya Madini ya 2016.
4. Tunga mazungumzo kati ya ajenti na mkutano wa jamii ambapo wazee watatu wamekwisha kutia saini kwa siri.
5. Mjadala: "Madini yangekuwa ya mwenye shamba, Kenya ingekuwa na haki zaidi." Unga mkono au pinga.

Majibu ya swali la pili: shilingi 20,000 na shilingi 40,000. Aliyekosa arudie Sehemu ya Tatu.

Msomaji, wengi wetu hatutawahi kumiliki kisima cha mafuta, na pengine hata eka moja. Lakini sote tunajua kusoma, na nyumbani wanatutegemea kwa hilo. Likizo hii ukienda kwenu, iulizie hati ya shamba. Jina lililoandikwa mle ni la nani? La babu aliyefariki zamani? Basi hapo ndipo kazi ianzie, maana idhini hutolewa na mwenye jina, na marehemu hatii saini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.